Stata Mpya, Kilio Kile Kile

Mwenye gari kuukuu huianza siku yake kwa dua. Huketi mbele ya usukani, huzungusha ufunguo, kisha husikiliza. Injini ikinguruma, humshukuru Mungu. Ikinyamaza, huteremka akawatafuta vijana wa kusukuma. Sisi tulio jirani na mwalimu mmoja mstaafu hapa Kampala tulikuwa miongoni mwa wasukumaji hao kwa miezi kadhaa. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu yaliyotukia, kwa kuwa yaliyomfika mwalimu huyo yaweza kumfika kila mwenye gari la zamani.

Gari lenyewe ni Volkswagen ya mwaka 1969, lile lenye umbo la kobe na injini nyuma. Magari ya namna hii si mageni kwetu. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen ilitwaa ushindi mwaka 1954, 1957 na 1962. Gari la mwisho la aina hiyo lilitoka kiwandani Puebla, nchini Mexico, mwaka 2003, baada ya kuundwa zaidi ya magari milioni 21. Kwa hiyo aliye nalo leo anatunza kitu ambacho hakiundwi tena, na kila kosa la fundi humgharimu maradufu.

Gari la mwalimu lilianza kuugua taratibu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, liliwaka bila taabu. Lakini likienda mjini na kusimama kidogo, injini ikiwa bado moto, stata ilizunguka kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane, kisha ikanyamaza. Mwalimu alilipeleka kwenye gereji moja, akaambiwa stata imekwisha. Akanunua nyingine, na ile ya zamani akaiuza kama chuma chakavu. Baada ya majuma machache kilio kikawa kile kile. Akaambiwa kwamba ile aliyonunua ilikuwa mbovu, akanunua ya pili. Fedha alizotoa safari hiyo zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya karo ya mjukuu wake, na kijana akakawia kurudi shuleni. Haukupita mwezi, tukawa tunasukuma tena.

Hapo mwalimu alikata shauri kuliuza gari. Tukamwomba asubiri kidogo, tukampeleka kwa fundi mmoja wa makamo kule Katwe, mtu wa maneno machache ambaye magari haya ameyajua tangu ujana wake.

KAZI YA STATA

Kabla ya kueleza aliyoyaona fundi, yafaa msomaji aelewe kazi ya chombo hiki. Stata ni mota ya umeme yenye nguvu nyingi inayofanya kazi kwa sekunde chache tu. Dereva anapozungusha ufunguo, umeme mdogo huenda kwenye solenoidi, yaani kile kichupa kilichobebwa juu ya stata. Solenoidi huvuta uma, na uma husukuma gia ndogo hadi ikamatane na meno ya gurudumu zito la injini, ambalo mafundi huliita flaiwili. Wakati huo huo njia kuu ya umeme hufunguka, na zaidi ya ampea 100 hutoka kwenye betri kwa mkupuo. Ndiyo maana waya wa stata ni mnene kuliko waya wote wa gari, na ndiyo maana kutu kidogo tu njiani hutosha kuizuia kazi yote.

KUTAFUTA CHANZO

Fundi hakugusa spana kwanza. Aliinua kiti cha nyuma, mahali betri ya gari hili inapokaa, akapima nguvu yake. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12 na nukta 6 hivi. Stata inapozunguka, isishuke sana chini ya volti 9 na nusu. Ya mwalimu ilikuwa nzima. Akaangalia kama kifuniko cha betri kipo, akatuonya kwamba kikikosekana, chemchemi za kiti zaweza kugusa ncha za betri abiria mzito anapoketi, na gari likashika moto.

Kisha akaifuata njia ya umeme. Akakwangua ncha za betri zikang'aa, akaukagua ule mkanda unaounganisha betri na bodi. Baadaye akaingia chini ya gari kuutazama mkanda mwingine, ule unaounganisha gia boksi na bodi. Mkanda huu wa pili husahauliwa na wengi. Injini na gia boksi hukaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Mkanda huo ukikatika au ukila kutu, stata hukosa njia ya kurudishia umeme, nayo hulaumiwa bure.

Alitufundisha pia kusikiliza. Stata ikivuma peke yake bila kuzungusha injini, gia yake ndogo haishiki. Ikisaga kwa ukali, meno yameliwa, ama yake ama ya flaiwili. Ukisikia mlio mmoja tu kisha kimya, tazama betri, nyaya na solenoidi kabla ya kufikiria kununua. Lakini ikizunguka kwa uzito, hasa injini ikiwa moto, na betri ikiwa nzima, basi kuna kitu kinaikaba.

KILICHOSAHAULIKA

Ndipo alipoifungua stata. Alipoishika mkononi alimwonyesha mwalimu mikwaruzo inayong'aa kwenye amecha, yaani kile kiini kinachozunguka ndani.

"Mzee wangu," alisema, "amecha inasugua ukuta. Stata hii ilikuwa nzima ulipoinunua. Inaharibiwa humu garini."

"Inaharibiwa na nini, nami nimekwisha kubadilisha mbili?" akauliza mwalimu.

"Kuna bushi humu ndani ya gia boksi. Haiji na stata. Tia kidole uone."

Mwalimu akatia kidole, nasi tukatia vyetu. Stata nyingi za magari mengine hushikilia shafti yake kwa ncha zote mbili ndani ya mwili wake. Ile ya asili ya Volkswagen hii sivyo. Ncha moja ya shafti hutokeza nje na kuingia katika kibushi kidogo cha shaba nyeusi kilichopachikwa ndani ya gia boksi. Kibushi hicho kikiliwa, shafti hulegea na amecha hugusa ukuta wake. Umeme mwingi huteketea kwa msuguano, stata hupata moto, na haichukui muda mpya ikawa mbovu. Tundu la kibushi katika gari la mwalimu lilikuwa limekuwa yai badala ya duara. Stata zote mbili alizonunua zilikuwa zimetiwa katika tundu hilo hilo.

KUIBADILISHA VILIVYO

Kazi yenyewe yahitaji uangalifu kuliko nguvu. Kwanza waya wa ethi hutolewa kwenye betri, maana waya mnene wa stata una umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Gari huinuliwa kwa jeki upande wa nyuma kulia na kuegeshwa juu ya stendi imara. Asithubutu mtu kuingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Stata iko upande huo wa kulia, ubavuni mwa gia boksi. Hufungwa kwa nati ya chini na bolti ya juu. Bolti hiyo ya juu hushikilia pia injini, na nati yake hufikiwa kutoka chumba cha injini. Aghalabu watu wawili husaidiana, mmoja juu na mmoja chini.

Fundi wetu alilitoa bushi kuukuu kwa kuchonga hesi ndani yake na kulivuta taratibu. Jipya alikuwa amelilaza usiku kucha katika oili ya injini, kwa sababu shaba ya namna hii ina vitundu vinavyonyonya oili na kuilainisha shafti kwa miaka. Akaligongea kwa chuma kilichochongwa kwa kipimo chake, akahakikisha shafti yazunguka humo kwa wepesi, ndipo akaifunga stata.

Anayenunua hana budi pia kujua gari lake ni la volti ngapi. Volkswagen za zamani zilitumia volti 6, na flaiwili yake ilikuwa na meno 109. Za volti 12 zina meno 130, na shafti ya stata yake ni nyembamba zaidi. Bushi la moja halifai kwa nyingine. Ziko pia stata za baadaye zinazojishikilia zenyewe kwa ncha zote mbili, ambazo hazilihitaji bushi hilo kabisa. Muulize muuzaji kabla ya kutoa fedha.

Jambo moja fundi alilikataza kwa ukali: kugusanisha ncha za stata kwa bisibisi ilhali mtu amelala chini ya gari na gia imeingia. Injini ikiwaka, gari huondoka na kumpitia.

Stata ya pili ilisafishwa, ikatiwa makaa mapya, ikarudishwa, na mwalimu hakununua ya tatu. Bushi lenyewe bei yake ilikuwa ndogo hata akaona haya kuitaja. Kilichomuuma zaidi ni ile stata ya kwanza, iliyokuja na gari tangu mwaka 1969, ambayo aliiuza kwa kilo. Yamkini nayo ilihitaji bushi tu.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Twaongeza kwamba yafaa kwanza kuujua ufa ulipo. Ndugu msomaji, fundi akikuambia kwamba kitu kimekwisha, mwombe kwa adabu akuonyeshe kilichokimaliza. Fundi wa kweli hatachukizwa na swali hilo. Na akikubadilishia stata ya Volkswagen, usiondoke kabla hajakuonyesha bushi kuukuu mkononi mwake.

Mjukuu wa mwalimu amekwisha kurudi shuleni. Alipelekwa kwa gari la babu yake, na asubuhi ile hatukuitwa kusukuma.