Mayi Kungaa Haitoshi: Tuulize Vidudu

Bandugu wachimbaji, bamama na batoto wa Kolwezi, mayi yanaweza kungaa kama kioo na yakawa na sumu. Shaba na kobalti zikisha kuyeyuka, jicho halizioni. Njo maana sisi wa sendika tunataka leo tusikilize mashahidi wasiojulikana sana: vidudu vya mayi.

Geuza jiwe katika mto ulio safi. Chini yake utakuta vidudu vya aina nyingi. Kuna vyenye mikia mitatu, vinavyopumua kwa vinyuzi laini vya ubavuni; wanasayansi wanaviita efemeroptera. Kuna trikoptera, ambavyo vingi vyao vinajijengea kanyumba ka mchanga na vijiti. Efemeroptera ni kati ya vya kwanza kufa shaba ikizidi, kwa sababu shaba inaingia penye kupumulia na kuharibu chumvi ya mwili. Batoto ba kereng'ende banavumilia kidogo zaidi. Mwishoni wanabaki funza wekundu wa ndani ya tope, wenye damu inayoshika hewa hata ikiwa kidogo. Ukikuta hao tu, ujue mto ni mgonjwa.

Kidudu kinashinda chupa ya labo kwa jambo moja. Chupa inaonyesha mayi ya saa ile tu. Usine ikifungua bomba usiku na mkaguzi akaja asubuhi, chupa haitasema kitu. Lakini kidudu kinalala pale pale wiki nyingi, usiku na mchana.

Hapa kwetu mito Musonoi na Luilu inapita karibu na migodi na usine, halafu inaingia Lualaba. Kwa ziwa ni hatari zaidi: mayi yanatulia, madini yanashuka na tope, kidudu kinakula tope, samaki anakula kidudu, na siye tunakula samaki. Katika ziwa Tshangalele, upande wa Likasi, watafiti walikuta madini ndani ya samaki. Na mwaka 2009, utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, Ubelgiji, ulionyesha kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaoishi chini ya kilomita 3 na migodi au usine.

Tuseme kweli: vidudu vinaweza kukosa pia kwa sababu ya uchafu wa vyoo, na vikiwepo si ruhusa ya kunywa. Kwa hiyo lazima kulinganisha: juu ya bomba na chini ya bomba, siku ile ile, kiangazi na masika.

Tunaomba mambo matatu. Kampuni zihesabu vidudu pamoja na kupima madini. Wajumbe wa wafanyakazi na wa mitaa wawepo siku ya kupima. Na matokeo yabandikwe mlangoni, kwa Kiswahili pia. Mshahara tunaupigania kila mwaka. Mayi ya batoto nayo yaingie kwenye mazungumzo yale yale.