Utabiri Unaouzwa

Wengi wetu tunaye kijana nyumbani anayebeti mpira kwa simu. Juu ya kubeti kwenyewe hatutasema leo. Twataka kueleza biashara iliyoota kandokando yake, yaani ya watu wauzao utabiri. Hawa huwavuta vijana kwa Telegram na WhatsApp, wakidai wanayo mechi ya uhakika, eti wachezaji wamekwisha kununuliwa. Tuma shilingi mia tano kwa M-Pesa, nao watakupa matokeo kabla mpira haujachezwa.

Ni kweli mechi huuzwa. Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji kwa njama ya kupanga matokeo katika ligi kuu ya Kenya. Lakini aliyenunua mechi huficha habari yake kama dhahabu, kwa kuwa wengi wakiijua na kuibetia, kampuni hushtuka na kufunga mchezo huo.

Kijana atajibu, "Lakini alinitumia mara tatu bure, na zote tatu zikatimia!" Hapa ndipo penye mtego, na hata mwerevu hunaswa.

Tuseme muuzaji anazo namba za watu 810. Mechi ya kwanza, huwaambia 270 kwamba wenyeji watashinda, 270 kwamba wageni watashinda, na 270 waliosalia kwamba watatoka sare. Lazima fungu moja lione ukweli. Wale 540 huwaacha. Wale 270 huwagawa tena mafungu matatu ya 90, na mechi ya tatu, mafungu ya 30. Sasa wako watu 30 waliomwona akipata kila mara, naye hajui lolote la mpira. Hao ndio huombwa fedha. Kila mmoja akituma 2,000, amevuna shilingi 60,000. Wale 780 waliodanganywa hawajuani na wale 30, basi nani atamfichua?

Wengine hata hesabu hiyo hawaihitaji. Hufuta utabiri ulioshindwa, wakauacha uliofaulu. Picha za ushindi nazo hubadilishwa tarakimu kwa simu. Kijana akipoteza, huambiwa alipe zaidi aingie kundi la wakubwa, na hapo ndipo karo huanza kupotea.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 13, Waisraeli walionywa kwamba ishara ya nabii yaweza kutimia, na bado haiwapasi kumfuata. Twaona onyo hilo lafaa hata hapa.

Wazazi, msianze kwa kugomba. Keti na kijana, mwombe taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, mwandike katika daftari kila utabiri alionunua, uliotimia na usiotimia, na fedha alizotuma. Acha ajumlishe mwenyewe. Kisha namba ya muuzaji izuiwe katika simu yake siku hiyo hiyo.