Nyuki wa Tanga na watu 300 wa Gideoni



Tunapohubiri juu ya Gideoni, kanisa linapiga vigelegele: watu 300 walishinda jeshi la Midiani lililojaa bonde kama nzige. Leo tunaeleza vita ya Afrika yetu inayofanana na ile, halafu tuulize: wachache wakishinda wengi, je, hiyo ni alama kwamba Mungu yuko upande wao?

Ilikuwa Novemba 1914, mwanzo wa vita ya kwanza ya dunia. Waingereza walileta kwa meli askari karibu 8,000 kutoka India, ili wateke mji wa Tanga, kwenye pwani ya nchi inayoitwa leo Tanzania. Wajerumani ndio walioitawala wakati ule. Wao walikuwa na watu kama 1,000 tu, na wengi wao walikuwa askari weusi.

Tarehe 4 Novemba vita iliwaka. Risasi zilichokoza nyuki waliokuwa katika mizinga juu ya miti, nao wakashuka na kuuma watu. Kesho yake Waingereza walirudi melini, wakiacha mamia ya maiti, mamia ya bunduki na risasi karibu 600,000.

Hata leo watu wanasema: nyuki ndio walioshinda. Sisi wasomaji wa Biblia tunakumbuka mara moja mavu ya Yoshua 24:12. Lakini nyuki hawakuchagua, waliuma pande zote mbili. Sababu kubwa zilikuwa nyingine. Manowari ya Waingereza ilitangulia tarehe 2 kuamuru mji ujitoe, na hivyo Wajerumani wakapata nafasi ya kujitayarisha. Mkuu wao, von Lettow-Vorbeck, alileta askari kwa treni kutoka Moshi. Usiku kabla ya vita alipanda kinga, akazunguka mjini kuangalia njia. Jenerali Aitken wa Waingereza alidharau adui, hakupeleleza vizuri, na askari wake wengi walikuwa wamechoka na safari ndefu ya bahari.

Je, Mungu aliwapendelea Wajerumani? Miaka 9 kabla, mwaka 1905, watu wa kusini mwa nchi ile waliwaasi Wajerumani hao kwa sababu ya kulazimishwa kazi. Waliambiwa kwamba maji ya dawa yatageuza risasi kuwa maji. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa. Na baada ya Tanga, vita iliendelea miaka 4, mpaka Wajerumani walipoweka silaha chini Novemba 1918 kule Abercorn, leo Mbala, ng'ambo ya Luapula, Zambia. Wapagazi weusi, na wa Kongo kati yao, walikufa kwa maelfu njiani. Ushindi wa Tanga haukumweka huru Mwafrika hata mmoja.

Sasa turudi kwa Waamuzi 7. Gideoni hakuchagua kuwa na watu wachache. Mungu ndiye aliyewapunguza kutoka 32,000, ili Israeli wasijisifu. Uchache wenyewe hauna nguvu. Katika Hesabu 14:40-45 Waisraeli walipanda kupigana bila kutumwa na Mungu, wakapigwa vibaya. Walikuwa watu wale wale wa Mungu.

Jambo hili si la zamani tu. Tarehe 23 Machi 2013 watu wa Mai-Mai Bakata Katanga waliingia Lubumbashi. Wengi walivaa hirizi, wakitumainia dawa mbele ya bunduki. Damu ya watu ilimwagika katika mji wetu. Wale vijana walikuwa na mama zao.

Ndiyo maana tunawaomba wazazi na viongozi wa vijana hapa Kasenga: mtu akija kumwita mtoto wako kwenda vitani kwa jina la Gideoni, au la maono, au la maji yaliyoombewa, usiseme amina haraka. Uliza ni nani aliyemtuma. Uliza kama watoto wake mwenyewe wako mbele. Uliza ni nani atakayekuwa huru vita ikiisha. Asipoweza kujibu, funga mlango, na uombe pamoja na mtoto wako.

Bwana wa amani awalinde. Amina.