Jua Pekee Halitoi Sumu ya Muhogo

Kila mvua zinapokawia naulizwa swali lilelile: "Mtaalamu, muhogo mchungu tukiukatakata tukauanika jua kali siku mbili, si unakuwa salama?" Hapana, hauwi salama. Na inauma kuulizwa hivyo wakati magunia ya makopa, yaani vipande hivyo vya muhogo vilivyokaushwa, yameshagawiwa kwa kaya zisizo na kitu.

Msaada wenyewe siupingi. Huku mkoani Kigoma, kuanzia Muyama hadi Kasulu na Kibondo, muhogo hukaa ardhini hata miaka miwili ukingoja siku ya shida, na jirani anayemfungulia mwenzake shamba humwokoa kabla lori lolote halijafika. Kinachoua wema huo ni haraka.

Sumu haikai ndani ya muhogo ikiwa tayari. Kuna kemikali iitwayo linamarini, na kuna kimeng'enya kinachoivunja mpaka itoke sumu yenyewe, sianidi, ambayo hupotelea hewani. Kimeng'enya hicho kinahitaji maji na muda. Vipande vikikauka upesi juani, kazi inakatika njiani na linamarini inabaki ndani ya kopa jeupe linalopendeza macho, ije itoe sianidi tumboni. Weupe si usalama! Kuchemsha muhogo mzima nako hakutoshi, kwa sababu moto hukiharibu kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi. Wanaotia chumvi wanafunika uchungu tu, yaani wanazima onyo ambalo ulimi ungewapa. Tena ukame huongeza linamarini, hata katika mihogo mitamu.

Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1981 huko Nampula, Msumbiji, ukame na njia za mkato viliwapoozesha miguu watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1985 ugonjwa huohuo, konzo, ukaibuka Tarime, Tanzania. Konzo huja ghafla, miguu ikakakamaa, na hakuna dawa ya kuirudisha ilivyokuwa.

Basi kamati za msaada, shikeni haya. Muhogo mchungu umenywe na ulowekwe siku 3 hadi 4, mpaka ukiuminya kwa vidole unapondeka na uzi wa katikati unachomoka wenyewe, ndipo uanikwe. Hicho ndicho kivunde, bibi zetu walikijua. Kama tayari mna unga wa makopa, uchanganyeni na maji, mtandaze kwenye sinia unene usiozidi sentimita 1, muuache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha upikwe ugali siku hiyohiyo. Kisamvu kitwangwe vizuri kabla ya kuchemshwa. Kila fungu la muhogo liende na maharage au dagaa wa Ziwa Tanganyika, maana mwili hutumia protini kuiondoa sianidi iliyosalia. Na kaya isiyo na cha kula leo ipewe mahindi, viazi vitamu au ndizi za kuwatosha siku zote za kuloweka na kuanika. Muhogo uacheni majini mpaka ulainike.