Usikimbilie msasa: jinsi ya kusoma bunduki ya zamani iliyochezewa

Nyumbani kwetu Busi, wilayani Kondoa, bibi alikuwa na chuma kirefu cha kukomea mlango wa zizi. Babu alikiokota kwenye korongo baada ya mvua kubwa, na sisi wajukuu tulikiita tu "bomba la Mjerumani". Mwaka niliomaliza kidato cha nne nilikisugua kwa msasa siku nzima mpaka kikang'aa. Nikasifiwa na kila aliyepita. Leo nasomea kemia ya metali, na ndiyo kwanza naelewa nilifuta nini.

Kabla hatujaendelea: ukikutana na kitu cha namna hii, usikiguse. Huenda ndani kumebaki risasi, na kumiliki silaha bila leseni ni kosa. Toa taarifa kwa serikali ya kijiji au polisi. Hata chetu kilipita huko kwanza, polisi wakahakikisha hakina kitu ndani.

Sasa, unajuaje kama bomba ni mtutu wa bunduki ya jeshi au ni gobore la mafundi wetu? Mulika ndani kwa tochi. Gobore ni laini ndani, kama bomba la maji, na mara nyingi lilitengenezwa kwa bomba la maji kweli. Mtutu wa rifle una mifereji iliyojipinda kama nyuzi za skrubu. Mifereji hiyo huizungusha risasi ili isiyumbe hewani. Ihesabu, halafu angalia imepinda upande gani. Lee-Enfield ya Mwingereza ina mitano, imepindia kushoto. Mauser za Wajerumani zina minne, kulia.

Kisha pima upana wa tundu. Mauser ya 1871 ni milimita 11, na Mauser ya 1898 ni 7.92. Lee-Enfield ni 7.7, na ile ya Kireno ya 1904 ni 6.5. Usicheke kuona ya Kireno humu: Novemba 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck liliteka ghala la Wareno pale Ngomano, ng'ambo ya Ruvuma, na askari wake wengi wakamalizia vita na silaha hizo. Angalizo moja: kutu hupunguza upana wa tundu, kwa hiyo pima sehemu kadhaa, usiamini kipimo cha mdomoni peke yake.

Chetu kilikuwa na mifereji minne, kulia, na tundu la karibu milimita 11. Yaani Mauser ya 1871, ile ya risasi moja moja na baruti nyeusi, inayotoa moshi mzito mpaka adui anajua umejificha wapi. Vita vilipoanza 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani huku kwetu zilikuwa bado na hizo. Na Kondoa ilipiganiwa kwelikweli: Van Deventer aliingia Kondoa-Irangi tarehe 19 Aprili 1916, Wajerumani wakamshambulia usiku wa tarehe 9 Mei, na hawakuondoka eneo hilo mpaka mwishoni mwa Juni.

Basi ni bunduki ya askari wa 1916? Hapo ndipo ninapokwama. Majeshi ya Ulaya yalipobadilisha silaha, bunduki za zamani ziliuzwa kwa wafanyabiashara, na nyingi zikafika Afrika Mashariki kabla ya vita. Kinachotenganisha mtutu wa serikali na wa biashara ni chapa zilizogongwa sehemu ya nyuma: jina la kiwanda, taji dogo juu ya herufi, na namba. Na huko nyuma ndiko nilikosugua zaidi, maana ndiko kulikokuwa na kutu nyingi.

Wajapani wana kisa kinachofanana na hiki, ila chao kilifanywa kwa makusudi. Bunduki zao za Arisaka, zile ambazo askari wetu wa Keya walikutana nazo Burma mwaka 1944, zilikuwa na ua la krisanthemamu lenye petali 16, alama ya Mfalme. Baada ya kusalimu amri 1945, maua mengi yalisagwa au kukwaruzwa kwa patasi. Leo baadhi ya mafundi huyachonga upya ili bunduki ionekane nzima. Mimi naona huo ni uharibifu wa pili. Ua lililosagwa linakuambia silaha ilikabidhiwa vipi. Ua jipya linakuambia fundi ana mkono mzuri.

Je, chapa iliyofutwa inaweza kurudi? Wakati mwingine, ndiyo. Nyundo inapogonga chapa, haichimbi juu tu. Inabana pia chembechembe za chuma zilizo chini yake. Ukisaga juu, ule mbano hubaki chini. Tindikali yenye chumvi za shaba hula chuma kilichobanwa tofauti na kile cha kawaida, na herufi huibuka kama kivuli. Wapelelezi wa jinai hutumia njia hii. Lakini inakula chuma chenyewe, na ukisaga kupita kina cha mbano, hakuna cha kuibuka.

Ndiyo maana wahifadhi huanza na mambo ya polepole: mwanga wa tochi kutoka ubavuni, picha, kisha mafuta mepesi na kitambaa. Kutu nyekundu ya unga inaweza kuchemshwa kwenye maji yaliyotoneshwa, ikageuka kuwa oksaidi nyeusi iliyotulia, halafu ikafutwa taratibu. Tanini, ileile inayopatikana kwenye magome ya kulainishia ngozi, huungana na chuma kufanya utando mweusi wa kukikinga. Kitako kilichokatwa kikiungwa, kipande kipya huwekwa alama ndogo ili atakayekuja asidanganyike.

Mwezi uliopita tulikimulika chetu kutoka ubavuni. Karibu na ncha ya nyuma kuna mstari mmoja uliopinda, mfupi kuliko ukucha. Mwenzangu wa maabara anasema ni ubavu wa taji. Mimi naona unafanana mno na mikwaruzo ya msasa wangu. Tindikali hatujaitia bado.