Pikipiki za Milimani na Mwili wa Abiria

Mvua zinapokolea mwezi Novemba, njia za udongo zinazoingia vijijini kutoka Kibondo na Kasulu hugeuka utelezi mwekundu. Gari la wagonjwa hukwama, pikipiki hupita. Kwa sababu hiyo, katika nyanda hizi za juu za Kigoma, bodaboda mara nyingi ndiyo machela ya kwanza ya mama mwenye uchungu, ya mtoto mwenye degedege na ya mkulima aliyejikata kwa panga.

Pikipiki nyingi zinazotumika huku, Boxer na TVS kutoka India pamoja na nyingine za Kichina, ziliundwa kwa barabara nzuri. Mafundi huzibadili. Matairi ya kawaida huondolewa, yakawekwa yenye meno makubwa. Sproketi ya nyuma hubadilishwa kwa yenye meno mengi zaidi ili injini ipande mlima, ingawa mwendo hupungua. Keria huongezewa vyuma vya kuchomelea. Ubavuni hufungwa ngao. Huko Ulaya marekebisho ya namna hii ni starehe ya wasafiri, na mashindano ya Paris–Dakar, yaliyoanza Desemba 1978, yaliyapa umaarufu mkubwa. Kibondo, anayebadili pikipiki yake anatafuta riziki.

Kwa jicho la tabibu, si kila rekebisho humlinda mtu. Matairi yale hushika tope vizuri, lakini kwenye lami iliyolowa hushika vibaya. Ngao za ubavuni huaminiwa kupita kiasi. Uchunguzi wa ajali 900 uliofanyika Los Angeles na kuchapishwa mwaka 1981 uliona kwamba ngao zilipunguza majeraha ya kifundo na wayo, lakini yale ya goti na paja yakaongezeka, hata faida ikafutika. Ngao huokoa injini, na hilo si dogo kwa mwenye mkopo. Mguu ni habari nyingine. Kinachosahaulika ni kifuniko cha bomba la moshi. Kikishaondolewa, ndama ya mguu wa abiria huungua wakati wa kupanda au kushuka. Jeraha hilo limwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20; dawa ya meno na mafuta visipakwe.

Rekebisho lenye hatari kuliko yote ni kiti kirefu. Kiti hicho hukaribisha mshikaki: dereva mbele, mama mwenye uchungu katikati, ndugu nyuma akimshikilia. Mama anayetoka damu nyingi hawezi kukaa wima muda mrefu. Akizimia, wote watatu huanguka. Kabla ya kumpandisha, ipigwe kwanza namba 115 ya m-mama, isiyo na malipo, ili utafutwe usafiri unaofaa. Ikibidi pikipiki itumike, dereva na abiria wote wavae kofia ngumu. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Madereva wengi wanayo moja tu, ya kwao.

Njia bora zaidi ilijaribiwa Mangochi, Malawi, mwanzoni mwa miaka ya 2000: pikipiki tatu zenye kitanda cha pembeni ziliwekwa katika vituo vya afya vya mbali. Mama alisafiri amelala, muda wa kufika hospitali ulipungua kwa saa kadhaa, na bei ya gari moja la wagonjwa ilikuwa takriban mara 19 ya bei ya pikipiki hiyo.

Fundi hodari wa Kasulu anaweza kuchomelea kitanda cha namna hiyo kwa siku chache. Tatizo ni breki. Pikipiki ndogo yenye breki za ngoma, ikiteremka mlima na mgonjwa pembeni, husukumwa na uzito ambao haikuundiwa kuuzuia, na joto la kuchomelea huweza kudhoofisha fremu palepale inapobeba mzigo. Kabla ya kupakia mgonjwa, kitanda hicho kijaribiwe kwa magunia ya mahindi, kwenye mteremko, siku ya mvua.