Nishani Hazihesabiwi, Zinasomwa

"Alikuwa na nishani ngapi?" Hilo ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila ninapomtaja mwanajeshi mwenye jina, na limenichosha. Wanauliza waandishi wa habari, wanauliza wanafunzi, wanauliza wajukuu wanaoniletea tepe zilizochakaa ndani ya bahasha. Nikijibu tano, nyuso zinachangamka. Nikijibu moja, zinanyong'onyea. Swali lenyewe limesimama juu ya imani potofu kwamba ushujaa hupimwa kwa idadi, na kwamba kifua kilichojaa ni ushahidi wa moyo mkubwa. Nataka kuibomoa imani hiyo, na shahidi wangu ni ofisa mmoja Mwingereza ambaye miaka yake mingi ya kazi aliimalizia Afrika Mashariki.

Eric Charles Twelves Wilson alizaliwa mwaka 1912 katika kisiwa cha Wight, baba yake akiwa kasisi. Alipata uofisa mwaka 1933 katika East Surrey Regiment, kisha akaazimwa kwa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, akatumika na batalioni ya Nyasaland na kujifunza Kinyanja. Mwaka 1939 alihamishiwa Kikosi cha Ngamia cha Somaliland, ambacho askari wake walikuwa Wasomali. Alikuwa kapteni mvaa miwani, na kifuani hakuwa na nishani hata moja ya ushujaa.

Agosti 1940 Waitalia waliivamia Somaliland ya Waingereza kwa jeshi lililowazidi watetezi mara kadhaa. Barabara ya Hargeisa kwenda Berbera ilipita penye pengo la vilima, Tug Argan, na Wilson alipewa bunduki za rashasha za kilima kimoja hapo. Tarehe 11 mizinga ya adui ilizipiga bunduki zake zikang'oka kwenye stendi zake. Alijeruhiwa bega la kulia na jicho la kushoto, miwani ikavunjika, sajenti wake Msomali akauawa ubavuni pake. Alizitengeneza zile bunduki, akazirudisha mahali pake, akaendelea kupiga. Tarehe 12 na 14 mizinga ilimrudia tena, naye hakuondoka kwenda kutibiwa. Tarehe 15 vituo vyake viwili vililipuliwa, malaria ikiwa imemshika juu ya majeraha yale, lakini kituo chake mwenyewe kikaendelea kufanya kazi hadi saa kumi na moja jioni, adui alipokifunika.

Wenzake waliorudi nyuma waliamini kwamba amekufa. Oktoba mwaka huohuo London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, lilitangaza kuwa marehemu Kapteni Wilson ametunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa mbele ya adui. Marehemu huyo alikuwa mateka wa Waitalia, akafungwa Adi Ugri huko Eritrea, na habari za msalaba wake alizipata kutoka kwa askari wa jeshi la anga la Uingereza aliyeletwa kambini akiwa mateka mpya. Majeshi ya Uingereza yalipoiteka Eritrea mwaka 1941, Wilson akawa huru. Nishani yake aliipokea mwaka 1942.

Baada ya hapo alitumika jangwani na Long Range Desert Group, kisha akaenda Burma akiwa msaidizi wa kamanda wa batalioni ya 11 ya Keya. Huko aliugua homa kali ya vichakani, akarudishwa Afrika Mashariki kuongoza kituo cha mafunzo ya askari wa miguu Jinja. Alistaafu jeshi mwaka 1949 akiwa luteni kanali, akaingia utumishi wa serikali Tanganyika hadi mwaka wa uhuru, 1961. Alifariki Desemba 2008, akiwa na miaka 96.

Sasa mhesabieni. Katika vita vyote hivyo, kitendo kilichotambuliwa kwa nishani ya ushujaa ni kimoja. Msalaba mmoja wa shaba nyeusi, utepe mmoja wa rangi ya damu ya mzee. Nishani nyingine zilizofuata kwenye safu yake zinasema mambo mengine kabisa, na hapa ndipo watu wanapopotea.

Nishani za kampeni hutolewa kwa mahali na kwa muda. Africa Star ilitolewa kwa kuwa katika maeneo yaliyotajwa, kuanzia Juni 1940, na siku moja ilitosha. Somaliland na Uhabeshi zilikuwemo. Burma Star vilevile. 1939–45 Star kwa kawaida ilidai miezi sita ya utumishi vitani. War Medal 1939–45 ilidai siku 28 tu za utumishi wa jeshi, popote pale. Sheria hizo hazikuuliza mtu alifanya nini. Mpishi, dereva, karani, mpiga bunduki na jenerali, wote waliokuwa Burma walipata nyota ileile ya madini yaleyale. Nishani ya kampeni ni kama muhuri wa forodha kwenye pasipoti: inathibitisha kwamba ulipita hapa. Ni heshima ya kweli, kwa sababu wengi waliopita hapo hawakurudi. Lakini haisemi neno juu ya ujasiri wa mmoja mmoja, na mtu mwenye nyota tatu hakuwa shujaa mara tatu kuliko mwenye moja. Alipelekwa sehemu nyingi zaidi, basi. Tena Waingereza waliweka kikomo: hakuna aliyeruhusiwa kuvaa zaidi ya nyota tano za vita ile, hata angekuwa amezunguka dunia nzima.

Kisha zipo nishani za kumbukumbu: kutawazwa kwa mfalme, jubilei ya malkia. Mwaka 2002 watu wote waliokuwa hai wenye Victoria Cross walipewa nishani ya Jubilei ya Dhahabu ya Malkia Elizabeth. Wilson alikuwa anakaribia miaka 90, na bunduki za Tug Argan zilikuwa zimenyamaza miaka 62. Safu yake ilirefuka kwa sababu aliishi. Mwenzake aliyefia kilimani asingeweza kuirefusha.

Hapo ndipo imani ya kuhesabu inapogeuka kuwa dhuluma. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, sheria za Uingereza ziliruhusu njia mbili tu za kumtambua mtu aliyekufa akionyesha ushujaa mbele ya adui: Victoria Cross, au jina lake kutajwa katika ripoti ya kamanda, jambo lililoonyeshwa katika vita ya pili kwa jani dogo la mwaloni juu ya utepe wa War Medal. Nishani zote za katikati, ikiwemo Military Cross na Military Medal, zilikuwa za walio hai. Watu wawili wakifanya kitendo kilekile saa ileile, mmoja akapona na mwingine akafa, aliyepona angeweza kuondoka na msalaba wa fedha kifuani, na aliyekufa akaachiwa jani. Anayehesabu atasema aliyepona ndiye aliyekuwa jasiri zaidi.

Cheo nacho kiliingia kwenye hesabu. Military Cross ilikuwa ya maofisa na mawaranti. Askari wa kawaida alipewa Military Medal, hata kama kitendo kilikuwa kilekile. Ubaguzi huo wa vyeo ulifutwa mwaka 1993. Katika Keya mambo yalikuwa mazito zaidi. Maofisa walikuwa Wazungu, kwa hiyo mlango wa nishani zilizokuwa za maofisa peke yao ulikuwa umefungwa kwa askari wetu kabla hata hawajafika vitani, na kwa miaka mingi Distinguished Conduct Medal ya Keya ilikuwa toleo lake la pekee, tofauti na ile waliyopewa askari wa Uingereza. Hakuna askari Mwafrika wa Keya aliyepewa Victoria Cross katika vita vile viwili vikuu. Anayetaka kuniambia kwamba hakukuwa na aliyestahili, aanze na yule sajenti Msomali. Maelezo rasmi ya msalaba wa Wilson yanamtaja kwa kifo chake, bila jina.

Na ushujaa usio na shahidi haupati nishani. Lazima aonekane anayetenda, lazima aliyeona apone, lazima aliyepona aandike au ahojiwe, na karatasi ipande ngazi ofisi kwa ofisi. Sajenti Nigel Leakey, Mzungu mzaliwa wa Kenya, alikuwa na batalioni ya 6 ya Keya, batalioni ya Tanganyika, huko Kolito nchini Uhabeshi tarehe 19 Mei 1941. Vifaru vya Waitalia viliwajia watu wasiokuwa na silaha ya kuvizuia. Leakey alipanda juu ya kifaru kimoja kikiwa kinatembea, akafungua mfuniko, akawapiga risasi waliokuwemo, akambakisha dereva na kumlazimisha akipeleke kando. Akaenda kufanya hivyo kwa kingine, hakurudi. Victoria Cross yake ilitangazwa Novemba 1945, miaka minne na nusu baadaye. Anayehesabu nishani angemhesabia Leakey sifuri muda wote huo.

Kama bado mtu anaamini kifua, amtazame Idi Amin. Aliingia Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, na alipokuwa rais wa Uganda alijipa "Victorious Cross", nishani iliyoiga Victoria Cross, akajiita pia mwenye DSO, yaani Distinguished Service Order, na Military Cross, akavaa safu iliyofika karibu na mkanda wa suruali. Mamilioni waliziona picha zile. Kwa kipimo cha idadi, Wilson mwenye msalaba mmoja angesimama nyuma yake. Kipimo kinachotoa jibu la namna hiyo kitupwe.

Kwa hiyo swali lenye maana ni kila nishani ilitolewa kwa nini, na nani alishuhudia. Wenye nishani nyumbani, fanyeni hivi, na msinipigie simu kabla hamjafanya.

Tazameni mpangilio: nishani za ushujaa hutangulia, zikiwa karibu zaidi na katikati ya kifua, kisha za kampeni, kisha za kumbukumbu na za utumishi mrefu. Kama safu nzima ni nyota na War Medal, mzee wenu alikuwa vitani. Muulizeni, au waulizeni waliomfahamu, alikuwa kikosi gani, na msimzushie hadithi ya kuteka kifaru.

Someni ukingo. Nishani za Waingereza za Vita Kuu ya Kwanza huwa na namba, jina na kikosi, na kwenye 1914–15 Star maandishi hayo yako nyuma. Nyota na medali za vita ya pili zilizotolewa na Uingereza hazina jina, kwa hiyo peke yake hazithibitishi ni za nani. Karatasi ya kuachishwa jeshi ina thamani kuliko nyota tatu. Itafuteni kwenye masanduku kabla mchwa hawajaipata. Victoria Cross ya kweli imechongwa tarehe ya kitendo nyuma, na jina, cheo na kikosi nyuma ya kipande kinachoshika utepe. Nakala za bandia ni nyingi.

Ukiambiwa kuna nishani ya ushujaa, tafuta jina kwenye London Gazette; gazeti hilo lipo kwenye intaneti na kulisoma ni bure. Mapendekezo mengi ya nishani za vita ya pili yako katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, fungu la WO 373, na hapo mara nyingi utasoma maneno ya ofisa aliyeshuhudia.

Usisugue kwa ndimu, majivu wala dawa ya meno: unakula maandishi, na maandishi ndiyo mali. Usibadilishe utepe wa asili. Usitenganishe safu. Piga picha mbele, nyuma na ukingoni. Hifadhi pakavu, mbali na jua.

Usiuze kwa mtu anayepita mitaani akikuambia ndani mna dhahabu, hamna. Nyota za vita ya pili ni mchanganyiko wa shaba na zinki, War Medal ni shaba na nikeli. Victoria Cross yenyewe ni shaba nyeusi tu, na inauzwa mnadani kwa mamia ya maelfu ya pauni kwa sababu ya kilichothibitishwa juu ya aliyeivaa. Ukilazimika kuuza, pata makadirio ya nyumba ya mnada zaidi ya moja, pamoja na karatasi zote.

Mwisho, andika. Jina kamili, namba ya jeshi, batalioni, alikopelekwa, aliyekusimulia na tarehe aliyokusimulia. Weka karatasi hiyo pamoja na nishani, nakala nyingine kwa ndugu. Ukishaiandika, njoo tuisome safu yote pamoja, nishani moja baada ya nyingine.